Nani Ana Projekta Mandera?

Ndugu zangu wa Mandera, Rhamu, Takaba, Banissa, Lafey na El Wak, pamoja nanyi mlioko Eastleigh na ng'ambo, nina swali moja kabla ya maneno mengine: nani kati yetu ana projekta? Zipo. Huwa zinaletwa kwenye semina za mashirika, zikaonyesha malengo ya mradi kwa watu wanaosubiri chakula cha mchana, na jioni zikarudishwa mikobani. Naomba zitoke.

Kuna filamu ya dakika 22 inayotuhusu sisi kuliko watu wengine wote duniani. Inaitwa Watu Wote. Aliyeiongoza ni Mjerumani, Katja Benrath, na ilikuwa kazi yake ya kuhitimu katika chuo cha Hamburg Media School. Mtayarishaji ni Tobias Rosen. Walikuja Kenya, wakashirikiana na mafundi na waigizaji wa hapa, wakaipiga kwa Kiswahili na Kisomali. Mwaka 2017 ikashinda tuzo ya dhahabu ya Oscar za wanafunzi, na mwaka 2018 ikateuliwa kuwania Oscar yenyewe katika kundi la filamu fupi. Ilishindwa na The Silent Child ya Waingereza. Basi ukumbi mzima wa Los Angeles ulisikia habari za basi la Mandera, na mimi bado nakutana na vijana wa Form Three hapa mjini ambao hawajui kama filamu hiyo ipo.

Kisa chenyewe wakubwa tunakikumbuka. Desemba 21, 2015, basi lililotoka Nairobi kuja Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak. Wanamgambo wa Al-Shabaab walitaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria walikataa. Kina mama waliwapa wenzao ushungi wajifunike, na abiria wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili walipoteza maisha siku hiyo. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapa kwetu, alipigwa risasi. Akiwa kitandani hospitalini aliwaeleza waandishi wa habari kwamba sisi ni ndugu na kinachotutofautisha ni dini tu. Januari 18, 2016, alifariki. Taifa likamtunuku nishani baada ya kufa kwake.

Mtoto aliyezaliwa mwezi ule yuko darasani sasa. Muulize mashujaa wake ni akina nani. Atakutajia Shah Rukh Khan na Salman Khan, kwa sababu filamu za Kihindi zilizotiwa sauti ya Kisomali ndizo zinazojaza flashi zetu na simu zetu, na zimetafsiriwa kwa ufundi hasa, mpaka matusi na mafumbo yanakuwa ya kwetu. Sina ugomvi nazo. Nadhani kuna watoto Bulla Mpya wanaoamini kwamba Salman Khan ana ukoo na baba yake anafuga ngamia. Ninachosema ni kwamba mtoto huyo huyo ana haki ya kumjua mwalimu aliyepanda basi la hapa, kwenye barabara anayoijua, akafanya jambo ambalo Salman Khan hulifanya kwa kuigiza tu.

Tuitazame, lakini tuitazame pamoja. Kila mtu akiwa na simu yake chini ya blanketi, atalia peke yake au atachoka peke yake, na asubuhi hakuna aliyesema kitu. Nataka shuka nyeupe ukutani, mikeka, chai, na baada ya filamu kikao cha maneno kama tunavyokaa chini ya mti tukizungumzia kisima.

Maneno hayatakosekana. Mhusika mkuu wa filamu si mwalimu Salah bali ni Jua, mwanamke Mkristo aliyeigizwa na Adelyne Wairimu. Anapanda basi akiwa na msiba moyoni na hofu ya kila aliyevaa kanzu karibu naye. Anatutazama sisi, na sisi tunaotazama tunajiona kwa macho yake. Si raha. Mara ya kwanza nilikasirika: huyu mama tumemkosea nini? Kisha nikafikiria mwalimu kijana kutoka Kisii anayeshuka kwenye basi Mandera kwa mara ya kwanza, barua ya ajira mfukoni, mama yake akimpigia simu kila saa. Abdiwali Farrah ndiye anayemwigiza Salah, na anaigiza kwa utulivu, bila kupaza sauti na bila hotuba ndefu za kishujaa. Wale waliowaona Faysal Ahmed na Barkhad Abdirahman wakiwa maharamia katika Captain Phillips watawakuta hapa tena.

Ina upungufu, na tuuseme. Nchi yetu inaonekana humo kama mahali pa vumbi na hatari tu. Huoni ngamia wakirudi jioni, huoni mto Daua, huoni soko. Wageni wana haraka ya kufika kwenye bunduki. Na inakwisha pale ambapo kazi yetu sisi inaanza.

Kwa nini abiria wale walijua mara moja kitakachotokea wakijitenga? Kwa sababu walishaona. Novemba 22, 2014, basi jingine lililotoka Mandera lilitekwa, abiria wasio Waislamu wakatenganishwa na wenzao, na watu 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda kwao likizo ya Desemba. Siku kumi baadaye, Desemba 2, wachimba mawe 36 waliuawa kwenye machimbo karibu na mji. Aprili 2, 2015, ikawa Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji waliondoka, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu. Madarasa yalibaki na watoto wanaojifundisha. Kuna vijana wetu leo waliokosa alama za chuo, na mzizi wa alama hizo uko kwenye mwaka 2015. Hilo halimo katika filamu. Kwa hiyo baada ya dakika 22, mtu asimame aulize: mwalimu wa kemia aliyeletwa kutoka Machakos muhula huu, nani amemwalika kwake kula? Muuguzi anayetoka Meru anaishi wapi, na jirani zake wanamjua jina? Hata leo tukisafiri kwenda Nairobi tunasema tunaenda Kenya. Tunacheka tukisema hivyo, lakini mwalimu yule wa Machakos akitusikia ataelewa nini?

Filamu ya pili ninayoipendekeza ni nzito zaidi, na haitufurahishi kwa namna nyingine. Ni ya Judy Kibinge, mwongozaji wa Nairobi ambaye pia ndiye mwanzilishi wa Docubox, mfuko unaowasaidia watengenezaji wa filamu za hali halisi. Inaitwa Scarred: The Anatomy of a Massacre, ya mwaka 2015, nayo inahusu Wagalla, Wajir. Februari 1984 maafisa wa usalama waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawaweka juani siku kadhaa bila chakula wala maji, wakawaua. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema wanakaribia elfu moja. Filamu inawapa nafasi walionusurika na wajane waseme wenyewe, polepole, na kamera inasubiri. Kisa hicho kinakumbusha pia habari za Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, aliyejitosa kuwaokoa majeruhi na kusaidia habari zile zifike nje, mpaka akafukuzwa nchini. Aliuawa Borama mwaka 2003.

Hii isionyeshwe kwa watoto, na isionyeshwe bila wazee kuwepo. Wapo kati yetu waliokuwa pale. Na nasema kwa heshima: isionyeshwe ili kuchochea ukoo mmoja dhidi ya mwingine. Ionyeshwe ili kijana wa Mandera ajue kwa nini babu yake akiona gari la askari hunyamaza. Anayetaka kusoma zaidi atafute kitabu cha Salah Abdi Sheikh, Blood on the Runway.

Baada ya hizo mbili mtu anahitaji kupumua, ingawa nitakayoitaja sasa ina kaburi ndani yake. The Gravedigger's Wife, ya mwaka 2021, ni ya Khadar Ayderus Ahmed, aliyezaliwa Mogadishu na kuhamia Finland akiwa kijana. Imepigwa Djibouti, kwa Kisomali kitupu, kwa hiyo ayeeyo, yaani bibi, hatahitaji mkalimani. Guled ni mchimba makaburi. Anakaa na wenzake nje ya hospitali, sepetu mkononi, wakisubiri mtu afe ili wapate kazi. Mkewe Nasra anaugua figo na upasuaji unataka dola 5,000. Basi anaondoka kwa miguu kurudi kijijini kwao alikotoka kwa ugomvi, kudai mbuzi wake. Nani Mandera hajauza mifugo kwa ajili ya bili ya hospitali? Nani hajapitisha kopo la mchango kwa ajili ya mgonjwa wa figo anayepelekwa Nairobi? Filamu hii ilishinda Farasi wa Dhahabu wa Yennenga huko FESPACO, Ouagadougou, tuzo kubwa kuliko zote za sinema ya Afrika, na ikawa ya kwanza kupelekwa kuwania Oscar kwa jina la Somalia. Mimi naipenda kwa sababu nyingine. Mume na mke wanapendana mbele ya kamera kwa heshima na kwa mzaha, jambo ambalo filamu zinazotuhusu husahau kwamba tunalifanya.

Mwaka 2024 Mo Harawe naye akaleta The Village Next to Paradise, filamu ya kwanza kutoka Somalia kuingia kwenye orodha rasmi ya tamasha la Cannes. Baba analea mtoto wake wa kiume, dada amerudi nyumbani baada ya talaka na anataka kufungua duka la ushonaji, na juu ya vichwa vyao ndege zisizo na rubani zinapita. Baba huyo naye huchimba makaburi. Waongozaji wawili wa Kisomali, filamu mbili, wachimba makaburi wawili: sijui tuwaambie nini vijana hawa, labda wajaribu muuza chai safari ijayo. Ni filamu ya mwendo wa taratibu. Wenye haraka watasinzia, na waachwe wasinzie.

Watoto nao wana zamu yao. Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2018, ni habari ya Jo, msichana mgonjwa sana anayependa filamu za mashujaa wanaopaa angani. Kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu ambamo yeye ndiye shujaa. Ndani yake yumo kijana wa kibanda cha video anayetafsiri filamu kwa mdomo huku zikiendelea, kama DJ Afro, na watoto wetu watamtambua mara moja. Wazazi, bebeni leso. Kwa wale wa shule ya upili, Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, haizidi nusu saa. Dunia imepigana vita vya maji, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, na kila tone la jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena. Mwanamke mmoja, Asha, anapata udongo wenye rutuba na mbegu, anatoroka akaipande. Kwa wengine hiyo ni hadithi ya kubuni ya miaka ijayo. Mwanafunzi wa Banissa aliyesubiri gari la maji wakati wa ukame atakuwa na mengi ya kumwambia mwalimu wake.

Kuhusu tamthilia za runinga sina mengi. Country Queen ya mwaka 2022, ya kwanza ya Kenya kuingia Netflix, inafaa kwa sababu inazungumzia kampuni ya madini na ardhi ya kijiji, na sisi wa kaskazini tunasikia kila siku habari za mafuta, mawe na ramani mpya. Shamba Shape Up si tamthilia, na ni ya wakulima zaidi kuliko wafugaji, lakini vipindi vya kuku na mbuzi vina faida. Basi.

Najua swali linalokuja, na naliheshimu. Kuna masheikh na wazazi wasiotaka filamu hata kidogo, kwa sababu walichokiona kwenye vibanda vya video kimewatosha. Sitashindana nao kwenye kurasa hizi. Naomba tu waalikwe kwanza. Filamu itazamwe kabla na watu watatu au wanne wanaoaminika, akiwemo mmoja wa kina mama. Ikiwa na kipande kisichofaa mbele ya familia, iachwe. Tuanze baada ya Isha, kina mama wapate upande wao wenye mikeka mizuri, na usiku wa Ramadhani tuuache kwa ibada. Nimeona mzee aliyekuwa akizipinga picha zote akikaa hadi mwisho wa filamu ya hali halisi kuhusu ngamia, kisha akalalamika kwamba aliyeipiga hajui kukamua.

Wala jambo hili si geni. Wazee wanakumbuka magari ya sinema ya Wizara ya Habari yaliyozunguka vijijini na kuonyesha picha ukutani. Katika kambi za Dadaab na Kakuma, shirika la FilmAid lilionyesha filamu usiku kwenye skrini kubwa nje, maelfu ya wakimbizi wakitazama pamoja, na vijana wa kambini wakafundishwa kupiga filamu zao wenyewe. Wakimbizi waliweza. Sisi tunaoshinda tukijivunia kaunti yetu tutashindwa?

Hapo ndipo ninapowageukia vijana. Mkishatazama, pigeni za kwenu. Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, alipewa kamera akarekodi familia yake kwa miaka kadhaa: mvua inapokosekana, paa linapong'olewa na upepo, mke anapochoka na mikutano ya mumewe. Ikatoka Thank You for the Rain mwaka 2017, aliyoifanya pamoja na Julia Dahr wa Norway. Hakuwa na shahada ya sinema. Nanyi mna simu zenye kamera bora kuliko ile. Kuna bibi Rhamu anayeweza kueleza mafuriko ya Daua mwaka kwa mwaka. Kuna dereva wa basi ambaye bado anapita El Wak. Kuna wanafunzi wa mwalimu Salah, sasa watu wazima, na mimi ningetoa pesa kuona filamu ambamo wao ndio wanaozungumza, si Mjerumani anayewakisia, hata awe na kipaji namna gani.

Sasa tupange. Pendekezo langu ni jioni ya Desemba 21, likizo, wakati wanafunzi wako nyumbani na wengi wa Eastleigh wamekuja kuwaona wazazi. Shule moja kwa kila kaunti ndogo itoe ukumbi au ua. Wenye filamu waombwe ruhusa. Msichote kwenye intaneti tu na kuita onyesho. Barua fupi kwa mtayarishaji au kwa Docubox hugharimu muda tu. Onyesho la hadhara lina sheria yake, sura ya 222, na ofisi yake ni Bodi ya Uainishaji wa Filamu, kwa hiyo mwalimu mkuu aandike mapema. Chifu na OCS wajue, maana mkusanyiko wa usiku Mandera si jambo la kushtukiza watu. Ofisi ya kaunti ya vijana na utamaduni inaweza kulipia mafuta ya jenereta, kwa sababu umeme wetu tunaujua. Nyie wa ng'ambo, spika moja nzuri itafaa kuliko pongezi mia za WhatsApp.

Watu Wote ina Kiswahili kingi, kwa hiyo tunahitaji mtu wa kuwatafsiria kina mama na wazee wasiokisikia, na mwingine wa kuwatafsiria Kisomali walimu na wauguzi wageni. Nawaomba vijana wenye kujua lugha zote mbili wajitolee mapema, wafanye mazoezi, wasiongeze vichekesho vyao. Walimu na wauguzi wasio wenyeji waliobaki likizo hiyo waalikwe kwa jina, nyumba kwa nyumba, siku tatu kabla, na waliowaalika wawafuate kwao jioni hiyo na kuwarudisha. Watoto wa Supa Modo waje alasiri, wapewe maziwa, warudi nyumbani kabla ya giza. Wakubwa waje baada ya Isha, na anayekuja na miraa akae nyuma.